René Steyaert, mtaalamu aliyeipa jina kuvu inayoua kahawa

Bunia, Ituri – Mlimaji wa robusta upande wa Mambasa akiona majani yanajikunja, yanageuka manjano kisha yanaanguka, anajua kwamba mti huo hautapona. Aliyemtambulisha muuaji huyo kwa wataalamu ni Mbelgiji René Steyaert, aliyezaliwa mwaka wa 1905.

Steyaert alifanya kazi Kongo wakati wa ukoloni, akichunguza magonjwa ya mimea. Alianzia kwenye pamba. Mwaka wa 1933, yeye na mwenzake Vrydagh walionyesha kwamba ugonjwa mkali wa pamba ulitokana na kuumwa na mdudu.

Kisha ikaja zamu ya kahawa, iliyokuwa ikikauka Oubangui-Chari na kaskazini mwa Kongo. Mwaka wa 1948 Steyaert aliieleza kuvu hiyo na kuiita Fusarium xylarioides. Inaingia kupitia kidonda, mara nyingi cha panga, na kuziba njia za maji. Mti unakufa kwa kiu hata mvua ikinyesha.

Baadaye alichunguza pia uyoga unaoozesha mashina ya michikichi.

Robusta zenye kuvumilia ziliupunguza ugonjwa, lakini katika miaka ya 1980 ulirudi upande wa Isiro, ukafika Beni na Ituri. Mwaka wa 1993 ulionekana Uganda.

Steyaert amefariki zamani, na dawa ya kuponya mti bado haipo. Mti mgonjwa ung'olewe na kuchomwa palepale shambani. Kuni zake zisibebwe nyumbani.