SAYYIDNA UMAR (R.A.) NA WATOTO WACHANGA

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.).

Safari hii tumechagua maisha ya Sayyidna Umar bin al-Khattab (R.A.). Wengi wetu tunamjua kwa ushujaa na ukali wake. Sisi tutatazama huruma yake kwa vichanga, kwani habari za watoto kutupwa majalalani na vyooni bado zinasikika nchini, na sisi wa Ipagala hatuwezi kujifanya hazituhusu.

KUZALIWA NA KUSILIMU KWAKE

Alizaliwa Makka katika ukoo wa Banu Adi, kabila la Quraysh, yapata miaka 13 baada ya Mwaka wa Tembo. Mwanzoni aliupiga vita Uislamu, kisha akasilimu yapata mwaka wa 6 wa Utume. Mwaka wa 13 Hijria (634), alipofariki Sayyidna Abubakar (R.A.), alishika ukhalifa.

KILIO CHA USIKU

Alipoweka daftari la posho za Baitul Mal, mtoto hakuandikwa mpaka aachishwe ziwa. Usiku mmoja msafara wa wafanyabiashara ulipiga kambi Madina, naye akakesha kuulinda pamoja na Abdurrahman bin Awf (R.A.). Akasikia mtoto analia, akamwendea mama yake na kumtaka amtulize. Mtoto akalia tena na tena. Mwisho wa usiku Umar akamlaumu yule mama kwa ukali. Mama, bila kujua anasema na nani, akaeleza kuwa anamwachisha ziwa mapema kwa sababu Umar hampi posho mtoto anayenyonya.

Alfajiri hiyo aliposwalisha, watu hawakukisikia vizuri kisomo chake kwa namna alivyokuwa akilia. Baada ya swala alijilaumu hadharani, akihofu kuwa utaratibu wake umeua watoto wa Waislamu. Akaamuru itangazwe kwamba kila mtoto wa Kiislamu apewe posho tangu kuzaliwa, na akawaandikia magavana wake.

MTOTO WA KUOKOTWA

Katika ukhalifa wake, mtu wa Banu Sulaym, Sunayn Abu Jamila, aliokota mtoto aliyetupwa. Umar akamhoji kwa nini amemchukua, naye akajibu kuwa alimkuta hana mtu. Msimamizi wa watu wake akashuhudia kuwa ni mtu mwema. Umar akahukumu kuwa mtoto ni huru, Abu Jamila amlee, na matumizi yatoke Baitul Mal. Imepokewa pia kuwa mtoto wa kuokotwa aliandikiwa dirham 100, mlezi wake akapewa matumizi kila mwezi, na gharama za kunyonyeshwa zikalipwa.

KUFARIKI KWAKE

Alichomwa kisu na Abu Lu'lu'a akiswalisha Alfajiri, Dhul Hijja mwaka wa 23 Hijria (644). Alizikwa karibu na Mtume (S.A.W.) na Abubakar (R.A.), chumbani kwa Bibi Aisha (R.A.).

MAFUNZO TUNAYOYAPATA

1. Mtoto hana dhambi ya wazazi wake. Mwanafunzi anayemwita mwenzake mwana haramu anamdhulumu, na mzazi anayemsikia akanyamaza ana sehemu yake.

2. Tutazame kinachomsukuma mama. Umar alianza kwa lawama, alipojua sababu akarekebisha utaratibu. Binti aliyepata mimba nje ya ndoa amekosea, na mlango wa toba uko wazi. Tukimfukuza nyumbani kwa kuogopa maneno ya majirani, tunahatarisha roho mbili.

3. Kumwokota mtoto aliyetupwa ni fardhi kifaya. Abu Jamila hakumficha mtoto. Leo nasi tutoe taarifa haraka serikali ya mtaa, polisi au ustawi wa jamii.

4. Kulea hakubadilishi nasaba. Surat al-Ahzab, aya ya 5, imeliweka wazi jambo hili. Mtoto wa kulea hamrithi mlezi, ila anaweza kuusiwa mali isiyozidi theluthi. Chakula, mavazi, elimu na mapenzi asibaguliwe.

Tunamuomba Allah (S.W.) azijaalie nyumba zetu huruma, na awape walezi wema malipo makubwa. Amin.

Wabillahi tawfiq.