Askofu Steere: Aliyekitoa Kiswahili katika kalamu na kukitia katika herufi za risasi

MWAKA 1875 Mwingereza mwenye umri wa miaka 47 aliondoka Lindi na wapagazi wake, akashika njia ya miguu kwenda Mwembe, ambako leo ni Msumbiji, kwenye makao ya Mataka, mtawala wa Wayao. Mtu huyo alikuwa Edward Steere, askofu wa tatu wa Misheni ya Vyuo Vikuu kwa Afrika ya Kati (UMCA).

Mwambao aliouacha nyuma ulikuwa umejua kuandika kwa karne nyingi. Masultani wa Kilwa, kaskazini mwa Lindi, walipiga sarafu zenye majina yao kwa herufi za Kiarabu. Barua za Kiswahili zilizoandikwa Kilwa mwaka 1711 kwa herufi hizo zimehifadhiwa Goa, nchini India, nazo ni miongoni mwa maandishi ya Kiswahili ya kale zaidi yanayojulikana.

Barua hizo ni kazi ya mkono. Katika hati ya mkono, herufi humfuata jirani yake. Hurefushwa au hubanwa kadiri mwandishi anavyoona nafasi na uzuri. Katika chapa, kila herufi huundwa kwa risasi, ikapangwa na kurudiwa mara elfu bila kubadilika.

Hata hivyo, chapa ni mtoto wa hati. Katika karne ya 15, Johannes Gutenberg wa Ujerumani aliunda herufi zake kwa kuiga mwandiko wa makatibu wa zama zake. Nao wachapaji wa Bombay walitumia chapa ya mawe, ili Kurani itoke kama katibu alivyoiandika.

Steere alizaliwa London mwaka 1828, akasomea sheria kabla ya kuingia ukasisi mwaka 1856. Alifika Unguja mwaka 1864 pamoja na Askofu Tozer. Huko misheni ilikuwa na mtambo wa chapa, na vijana waliokombolewa utumwani walifundishwa kupanga herufi.

Kwa msaada wa wenyeji wa Unguja alijifunza lugha na kukusanya hadithi. Mwaka 1870 vitabu vyake viwili, cha sarufi na cha hadithi za Kiswahili, vilitoka London.

Steere aliona kuwa herufi za Kiarabu zilikuwa na alama tatu tu za irabu kwa lugha yenye irabu tano, na kwamba herufi moja iliweza kusomwa b, p au mb. Msomaji aliyeijua lugha alitambua neno kwa maana yake. Mgeni alipotea.

Zaidi ya hayo, herufi ya Kiarabu huweza kuwa na maumbo manne, kulingana na mahali ilipo katika neno. Kwa mpangaji wa risasi, herufi za Kirumi zilikuwa kazi nyepesi zaidi.

Aliamua irabu zisomwe kama za Kiitaliano na konsonanti kama za Kiingereza. Uamuzi ambao kila katibu alijifanyia mwenyewe sasa ulifanywa mara moja kwa niaba ya wote, tena kwa lahaja ya Unguja. Lahaja hiyo ndiyo iliyokuwa msingi wa kazi ya Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930.

Mwaka 1876 Steere alipitia tena Lindi akiwa na kundi la watumwa waliokombolewa, wakaanzisha makazi Masasi. Mwaka huohuo mtambo wa Unguja ulichapa kitabu chake kuhusu lugha ya Kimakonde.

Alifariki dunia Unguja Agosti 1882, akazikwa nyuma ya madhabahu ya kanisa kuu la Mkunazini, lililojengwa palipokuwa soko la watumwa.

Faida ya kazi yake huonekana kila gazeti linapofunguliwa. Hasara yake imebaki Kilwa, ambako wajukuu wengi wanaosoma gazeti bila taabu huhitaji mtu wa kuwasomea barua za mababu zao, ingawa lugha ni ileile.