Abu Zayd al-Balkhi na Tiba ya Fikra

Wapo wazazi, tangu kwetu visiwani hadi Magoma chini ya milima ya Usambara, wanaodhani kuwa aliyefiwa kwa ajali akienda kwa mshauri nasaha imani yake ina kasoro. Hapana. Wamsome Abu Zayd Ahmad bin Sahl al-Balkhi.

Alizaliwa mwaka 235 Hijria karibu na Balkh, Afghanistan ya leo, mtoto wa mwalimu. Alisoma Baghdad miaka 8, akarudi kwao akifundisha na kuandika. Wengine wanamjua kwa ramani tu. Alifariki mwaka 322 Hijria, Allaah amrehemu.

Kitabu chake Masalih al-Abdan wal-Anfus kinatibu mwili, kisha nafsi. Huzuni aliigawa mara mbili: isiyo na sababu ijulikanayo, ambayo aliihusisha na mwili, na yenye sababu, kama kufiwa. Hii ya pili aliitibu kwa fikra. Mtu akiwa ametulia ajiwekee fikra sahihi, mfano wa dawa kabatini, azitumie msiba ukimzidi. Akishindwa peke yake, atafute wa kumnasihi.

Moshi na Bungoma, watoto 640 waliofiwa na wazazi waliingizwa katika utafiti uliochapishwa mwaka 2020. Nusu yao walisaidiwa na washauri wa kawaida, si madaktari. Mtoto aliyejilaumu kwa kifo cha mzazi alifundishwa kuipima fikra hiyo na kuibadilisha. Nafuu ilionekana, ingawa si sawasawa kila mahali.