Dakta Alice Hamilton: Mwanamke aliyeifuata sumu hadi ndani ya viwanda

Tarehe 28 Aprili ya kila mwaka huadhimishwa katika nchi nyingi kuwa Siku ya Kimataifa ya Usalama na Afya Kazini. Siku hiyo hutukumbusha mamilioni ya watu ambao huondoka majumbani asubuhi kwenda kutafuta riziki na kurejea jioni wakiwa wamebeba ndani ya miili yao sumu wasiyoiona kwa macho. Katika makala yetu ya leo tumeamua kuyaangazia maisha ya mtu ambaye jina lake linatajwa kwa heshima kila linapozungumzwa suala la kemikali na afya ya wafanyakazi. Mtu huyo ni Dakta Alice Hamilton wa Marekani. 

Alice Hamilton alizaliwa tarehe 27 Februari mwaka 1869 mjini New York, na kulelewa katika mji wa Fort Wayne, jimbo la Indiana. Familia yake ilikuwa na uwezo, na wazazi wake walipendelea kuwasomesha watoto nyumbani. Dada yake mkubwa, Edith Hamilton, naye alikuja kuwa mashuhuri kwa vitabu vyake kuhusu Ugiriki ya kale. Lakini mwaka 1885 biashara ya baba yao ilianguka, na mabinti hao wakatambua kuwa kila mmoja wao atalazimika kujitegemea. Alice alichagua udaktari, kazi ambayo wakati huo wanawake wachache sana walithubutu kuisomea. Mwaka 1893 alihitimu shahada ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Michigan.

Baada ya hapo alikwenda Ujerumani kuongeza elimu katika vyuo vikuu vya Leipzig na Munich. Vyuo hivyo havikuwa vikipokea wanawake, hivyo yeye na dada yake waliruhusiwa kuhudhuria masomo kwa sharti kwamba wasijitokeze machoni mwa wanafunzi wa kiume. Walivumilia, wakasoma, wakarejea kwao.

Mwaka 1897 Dakta Hamilton alipata kazi ya kufundisha katika chuo cha udaktari cha wanawake mjini Chicago, na akahamia katika nyumba ya huduma za jamii iliyojulikana kwa jina la Hull House. Nyumba hiyo ilianzishwa mwaka 1889 na Jane Addams pamoja na Ellen Gates Starr katikati ya mtaa wa maskini, na wakazi wengi wa mtaa huo walikuwa wahamiaji kutoka Italia, Poland, Ugiriki na nchi nyinginezo za Ulaya. Dakta Hamilton aliishi hapo kwa zaidi ya miaka 20. Alifungua kliniki ya watoto wachanga, akawa anaingia katika nyumba za wahamiaji hao na kuyajua maisha yao kwa karibu.

Hapo ndipo alipoanza kuona jambo lililomsumbua. Alikutana na wanaume wenye umri mdogo waliodhoofika kama wazee, wengine mikono yao imelegea kwenye vifundo hadi hawawezi kuinua kikombe. Alipouliza, aliambiwa ni kazi. Alipotafuta maandishi ya kitabibu kuhusu maradhi ya viwandani, alikuta vitabu vya Uingereza na Ujerumani, lakini kuhusu Marekani hakukuwa na kitu cha maana. Madaktari wengi wa nchi hiyo walikuwa wakiamini kuwa viwanda vyao ni bora kuliko vya Ulaya na kwamba maradhi kama hayo hayapo kwao. Hakuna aliyekuwa amechunguza.

Gavana wa jimbo la Illinois, Charles Deneen, aliunda tume ya kuchunguza maradhi yanayotokana na kazi, na mwaka 1910 Dakta Hamilton akapewa jukumu la kuuongoza uchunguzi huo. Yeye mwenyewe alichagua kushughulikia madini ya risasi. Inafaa kueleza hapa kwamba risasi tunayoizungumzia ni ile metali laini na nzito ambayo, mbali na kutengenezewa risasi za bunduki, wakati huo ilitumika katika rangi za kupakia nyumba, betri, mabomba ya maji, herufi za mitambo ya uchapishaji na hata katika kupaka mabeseni ya kuogea ili yawe meupe na yang'ae.

Risasi inapoingia mwilini husambaa kwa njia ya damu na nyingine hujificha ndani ya mifupa kwa miaka mingi. Mgonjwa hupatwa na maumivu makali ya tumbo, hufunga choo, damu yake hupungua, na mishipa ya fahamu ya mikono huharibika. Sumu ikizidi hupanda hadi kwenye ubongo, na hapo mtu huchanganyikiwa, hupata degedege na anaweza kufa. Kwa wanawake, huharibu mimba.

Tatizo kubwa la Dakta Hamilton lilikuwa ni namna ya kupata ushahidi. Hakukuwa na orodha ya viwanda vyenye risasi, wala sheria iliyomlazimisha mwenye kiwanda kumfungulia mlango. Wafanyakazi nao, wakiwa mbele ya wasimamizi wao, walikuwa hawasemi kitu kwa kuhofia kupoteza kazi. Hivyo alitumia miguu yake. Alipekua daftari za wagonjwa hospitalini, akawauliza madaktari wa mitaani, wauza dawa, mapadri na viongozi wa vyama vya wafanyakazi, kisha akawafuata wagonjwa majumbani mwao jioni. Huko, mbele ya wake na watoto wao, watu walizungumza.

Uchunguzi huo uligundua zaidi ya aina 70 za kazi zilizokuwa zikiwaweka watu katika hatari ya sumu ya risasi, na kuthibitisha wagonjwa 578 katika jimbo hilo pekee. Mwaka uliofuata, 1911, Illinois ilipitisha sheria iliyowataka waajiri wachukue hatua za usalama na kuwapima wafanyakazi wao mara kwa mara.

Jambo muhimu zaidi alilolithibitisha Dakta Hamilton lilihusu njia ambayo sumu hupitia. Waajiri wengi walikuwa na jibu moja: wafanyakazi wanaugua kwa sababu ni wachafu, hawanawi mikono kabla ya kula. Kwa jibu hilo lawama yote ilimwangukia mfanyakazi, na mwenye kiwanda hakuwa na la kufanya zaidi ya kuweka sabuni na maji. Dakta Hamilton alionyesha kuwa sumu kubwa ilikuwa hewani. Vumbi la risasi nyeupe lililotimka wakati wa kukausha, kusaga na kupakia, na moshi uliotoka kwenye risasi iliyoyeyushwa, ndivyo vilivyoingia mapafuni kwa kila pumzi. Mfanyakazi anaweza kunawa mara kumi, lakini hawezi kuacha kupumua. Kwa hiyo dawa yake ilikuwa ni kufunika mashine, kulowesha vumbi na kuweka mitambo ya kuvuta hewa chafu, na mwenye uwezo wa kufanya hayo ni mwajiri peke yake.

Kuna kisa kimoja kinachoonyesha namna alivyofanya kazi. Alimwendea Edward Cornish, mmoja wa wakuu wa kampuni kubwa ya risasi ya National Lead, akamwambia kuwa watu wake wanapata sumu. Bwana huyo alikasirika, akakanusha, lakini akaahidi kwamba akiletewa uthibitisho atafanya kila atakaloelekezwa. Dakta Hamilton alirudi na majina ya wafanyakazi 22 waliokuwa wameugua. Cornish alitimiza ahadi yake: vumbi lilidhibitiwa na madaktari wakaajiriwa. Ikumbukwe kwamba daktari huyo hakuwa na mamlaka ya kumtoza mtu faini hata ya senti moja. Silaha yake ilikuwa ni ushahidi.

Kuanzia mwaka 1911 alifanya uchunguzi kwa niaba ya serikali kuu ya Marekani. Hakupewa mshahara wa kudumu, bali alilipwa kila ripoti ilipokamilika. Alizunguka kutoka jimbo moja hadi jingine akiingia kwenye viwanda vya rangi, vyombo vya udongo na betri. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia aliingia kwenye viwanda vya baruti na milipuko, na njia rahisi ya kuvitambua ilikuwa ni kuufuata moshi wa rangi ya chungwa uliopanda angani. Humo aliwakuta wafanyakazi ambao ngozi na nywele zao zilikuwa zimegeuka manjano kwa kemikali, na wengine waliovuta gesi za oksidi za nitrojeni na kufa baada ya saa chache. Vilevile alichunguza zebaki iliyotumiwa na watengeneza kofia, ambayo huwafanya watu watetemeke mwili na kubadilika tabia.

Mwaka 1919 Chuo Kikuu cha Harvard kilitaka kufundisha somo la afya ya viwandani. Mjuzi aliyewazidi wengine alikuwa ni huyu mwanamke, nacho chuo hicho hakikuwahi kuwa na mwalimu mwanamke tangu kianzishwe mwaka 1636. Akateuliwa kuwa profesa msaidizi, lakini kwa masharti: asiingie katika klabu ya walimu, asidai tiketi za mechi za mpira na asiandamane na walimu wenzake siku ya mahafali. Naye alitoa sharti lake, kwamba afundishe nusu mwaka tu ili muda uliobaki aendelee na uchunguzi. Alikaa hapo hadi alipostaafu mwaka 1935, na katika miaka yote hiyo 16 hakupandishwa cheo hata mara moja.

Wasomaji wapenzi, si kila vita alivyopigana alishinda. Katika miaka ya 1920 makampuni makubwa ya magari na mafuta ya Marekani yalianza kutia kemikali yenye risasi katika petroli ili injini zifanye kazi vizuri zaidi. Mwezi Oktoba mwaka 1924, wafanyakazi watano wa kiwanda kimoja cha kemikali hiyo huko New Jersey walifariki dunia baada ya kurukwa na akili, na wenzao wengi wakalazwa hospitalini. Tarehe 20 Mei mwaka 1925 serikali iliitisha mkutano mjini Washington, na Dakta Hamilton alikuwa miongoni mwa waliopinga. Hoja yake ilikuwa kwamba kiwandani sumu inaweza kudhibitiwa kwa kiasi fulani, lakini ikishamwagwa barabarani kupitia moshi wa magari hakuna wa kuidhibiti. Akataka itafutwe kemikali nyingine isiyo na risasi. Hata hivyo, mwaka 1926 kamati ya wataalamu ilisema haikuona sababu ya kutosha ya kupiga marufuku, na petroli hiyo ikasambaa ulimwenguni kote.

Sisi sote tuliokulia katika miji ya Afrika Mashariki kabla ya mwaka 2006 tuliuvuta moshi huo, kwani ni mwanzoni mwa mwaka huo ndipo nchi za kusini mwa Sahara zilipoachana na petroli yenye risasi. Nchi ya mwisho duniani kuiacha ilikuwa Algeria, mwaka 2021, na tangazo la kumalizika kwake lilitolewa mjini Nairobi na Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa. Kutoka mkutano wa Washington hadi siku hiyo ilipita miaka 96.

Baada ya kustaafu, Dakta Hamilton hakupumzika. Alichunguza viwanda vya hariri bandia, ambako kemikali iitwayo kaboni disulfidi ilikuwa ikiwatia wafanyakazi wazimu na kuwapoozesha miguu. Mwaka 1943 alichapisha kitabu cha maisha yake. Mwaka 1963, akiwa na umri wa miaka 94, alitia saini barua ya wazi ya kuitaka Marekani iondoke Vietnam. Aliaga dunia tarehe 22 Septemba mwaka 1970 huko Hadlyme, Connecticut, akiwa na umri wa miaka 101. Miezi mitatu tu baadaye, tarehe 29 Desemba, Marekani ilitia saini sheria yake kuu ya usalama na afya kazini.

Tunaweza kujiuliza, haya yanatuhusu nini sisi? Yanatuhusu sana. Huko Owino Uhuru, mjini Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha risasi kutoka kwenye betri chakavu kilifanya kazi katikati ya makazi ya watu kuanzia mwaka 2007, na watoto na wafanyakazi wakapata sumu ileile. Mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya, na baada ya kesi kuendelea kwa miaka kadhaa, Mahakama ya Juu iliurejesha uamuzi huo mwezi Desemba mwaka 2024. Nao ndugu zetu wengi walioko ughaibuni wanafanya kazi za usafi, upakaji rangi, gereji na viwandani, kama wale wahamiaji wa Chicago, na baadhi yao hawawezi kuusoma vizuri maandishi yaliyo kwenye chupa ya kemikali wanayoitumia.

Basi ni vyema kila mmoja wetu aulize jina la kemikali anayoshika, na aulize hewa chafu inatokea wapi. Ukiugua, mweleze daktari unafanya kazi gani na unashika nini. Swali hilo la kazi ndilo ambalo Dakta Hamilton alilibeba kutoka nyumba hadi nyumba, na wengi walipona kwa sababu yake.