Mwana wa Chifu Aliyekiacha Kiti

Mgeni afikaye katika vilima vya Magwagwa, kaunti ya Nyamira, hatachukua muda kutambua kwamba siku za ibada hapa ni mbili. Jumamosi ni ya Waadventista, na Jumapili ni ya Wakatoliki na wenzao wa madhehebu mengine. Nyimbo husikika bondeni, suti hupigwa pasi. Lakini Jumatatu inapofika, majani ya chai yakipelekwa kupimwa na kengele ya shule ikilia, ni vigumu kumtambua aliyekuwa kanisani na asiyekuwako. Walimu hatujatoka katika lawama hiyo. Huwakaririsha wanafunzi Amri Kumi asubuhi, na adhuhuri wakatuona tukisukumana kwa ajili ya cheo cha naibu wa mwalimu mkuu.

Hali hiyo ndiyo iliyonikumbusha Maurice Michael Otunga. Wengi humjua kuwa Kadinali wa kwanza wa Kenya, wala hawakumbuki kwamba tangu 1960 hadi 1969 alikuwa mchungaji wa milima hii, askofu wa kwanza wa Jimbo la Kisii.

Otunga alizaliwa Januari 1923 katika nchi ya Wabukusu, kwenye boma la chifu Sudi Namachanja, mtu mwenye wake wengi, ng'ombe wengi na sauti kubwa mbele ya serikali ya kikoloni. Msomaji kijana aliyezaliwa baada ya uhuru huenda asielewe uzito wa neno chifu katika siku hizo. Chifu ndiye aliyekusanya kodi, ndiye aliyeamua kesi, ndiye aliyejua mtoto wa nani atapelekwa shule. Mwana aliyetarajiwa kukikalia kiti hicho hakuwa na haja ya kutafuta riziki kwingine. Otunga alibatizwa akiwa mvulana, akasoma Mang'u, akaingia seminari, akavuka mpaka hadi Gaba nchini Uganda, kisha Roma, ambako alipewa upadri mwaka 1950. Kiti cha baba yake akakiacha nyuma.

Naomba tutulie kidogo hapa. Ni rahisi kuuita uamuzi huo utakatifu na kuupita haraka. Padri haoi, na katika jamii zetu mtu asiyeacha mtoto huhesabiwa kuwa amezima moto wa ukoo wake. Kwa mwana wa chifu mwenye wake wengi, kuchagua upadri kulikuwa kuyapa kisogo mambo mawili kwa mpigo: utawala na uzao. Si jambo ambalo boma lingelipokea kwa vigelegele.

Aliporejea Kenya alifundisha seminarini, na mwaka 1956 akateuliwa kuwa askofu msaidizi wa Kisumu, Mwafrika wa kwanza wa Kenya kupata uaskofu katika Kanisa Katoliki. Miaka minne baadaye akatumwa Kisii. Wamisionari wa Mill Hill walikuwa wamefungua kituo cha Nyabururu tangu 1911, na kwa nusu karne Wagusii walikuwa wamezoea kumwona kiongozi wa misheni akiwa Mzungu. Sasa alikuja Mwafrika, tena Mbukusu, kuliongoza jimbo lililowajumuisha Wagusii na Wajaluo wa Nyanza Kusini pamoja. Homa Bay ilikuja kuwa jimbo la peke yake mwaka 1993. Leo tunapigania hata mwalimu mkuu awe wa ukoo wetu. Katika miaka hiyohiyo ya Kisii alihudhuria pia Mtaguso wa Pili wa Vatikano, ulioyafungulia mlango matumizi ya lugha za watu katika misa.

Mwaka 1969 alihamishiwa Nairobi, akawa Askofu Mkuu mwaka 1971, na Kadinali mwaka 1973. Sitaki kumchora kama malaika. Katika miaka ya mlolongo na ya vita vya kikabila katika Bonde la Ufa, sauti iliyovuma zaidi miongoni mwa maaskofu Wakatoliki ilikuwa ya Ndingi Mwana a'Nzeki wa Nakuru, si yake. Wapo waliomwona mpole kupita kiasi. Na mwaka 1996 alishiriki kuteketeza mipira ya kondomu hadharani jijini Nairobi, pamoja na viongozi wa Kiislamu, wakati ambapo ukimwi ulikuwa ukiwamaliza walimu na wazazi wa wanafunzi wetu. Hapo mimi sikubaliani naye hata leo, ingawa siwezi kumshtaki kwa unafiki: alichokihubiri kuhusu mwili na kiasi, alikuwa amejitwika mwenyewe tangu ujana.

Aprili 1997 alistaafu, na Ndingi akarithi nafasi yake. Sasa fikiri mstaafu wa kawaida wa nchi hii, hata yule wa ngazi ya chini, anavyotazamia kiinua mgongo, shamba na nyumba ya mawe. Kadinali alikwenda kuishi Nyumba ya Wazee, makao yanayotunzwa na Masista Wadogo wa Maskini jijini Nairobi. Hapo hupokelewa wakongwe maskini, wengine wasio na jamaa wa kuwaangalia. Mwana wa Sudi Namachanja, aliyekuwa na haki ya kumchagua Papa, akawa mzee mmoja miongoni mwa wazee.

Alifariki tarehe 6 Septemba 2003 akiwa na umri wa miaka 80. Kanisa limekwisha kuanzisha uchunguzi wa maisha yake kwa nia ya kumtangaza mwenye heri, na mabaki yake yamelazwa katika bustani ya sala huko Karen, ambako mahujaji hufika kila mwaka. Makao yale ya wazee yangalipo, na masista bado hupita mitaani na sokoni wakiomba chakula kwa ajili ya wakongwe wao.