Maisha ya Lord Kelvin, Bwana wa Joto

Katika darasa la fizikia tunaandika herufi K kila tunapopima joto, lakini wachache wetu hujiuliza imetoka wapi. Nataka kuwasimulia kwa kifupi habari za mwenye herufi hiyo.

Jina lake la kuzaliwa ni William Thomson. Alizaliwa mjini Belfast, katika Ireland, tarehe 26 Juni 1824. Mama yake alifariki mwaka 1830, akalelewa na baba yake, mwalimu wa hesabu. Baba alipopata kazi katika Chuo Kikuu cha Glasgow, Uskochi, jamaa yote wakahamia huko. William akaanza masomo ya chuo hicho mwaka 1834, akiwa na miaka 10 tu! Baadaye alisoma Cambridge, akawa wa pili katika mtihani mkubwa wa hesabu wa mwaka 1845. Mwaka uliofuata akafanywa profesa huko Glasgow, umri wake miaka 22, akafundisha hapo miaka 53.

Siku zile mashine za mvuke zilikuwa tele, lakini wataalamu walibishana joto ni kitu gani. Mfaransa Sadi Carnot alikuwa amekwisha onyesha mwaka 1824 kwamba mashine hupata nguvu joto linapoteremka kutoka penye moto kwenda penye baridi, kama maji yanavyozungusha gurudumu. Thomson akaishika elimu hiyo. Mwaka 1848 akatunga kipimo kinachoanzia kwenye baridi ya mwisho kabisa, karibu nyuzi 273 chini ya sifuri yetu ya kawaida. Ndicho chenye ile herufi K.

Jambo ninalolistaajabia zaidi alilitoa mwaka 1852. Ikiwa joto likiteremka hufanya kazi, basi kwa kufanya kazi twaweza kulipandisha. Akaeleza mashine ya kuvuta joto kutoka hewa baridi ya nje na kulitia ndani ya nyumba. Tena akaonyesha kwa hesabu kwamba joto litakaloingia ni jingi kuliko kazi itakayotumika, maana mashine haiumbi joto, bali hulihamisha. Friji hufanya vivyo hivyo: weka mkono nyuma yake, utasikia joto lililotolewa ndani.

Watu hawakulijali sana jambo hilo kwa nyumba zao, kwa kuwa makaa ya mawe yalikuwa mengi. Mwenyewe alishughulika na waya wa simu chini ya bahari ya Atlantiki, uliofaulu hatimaye mwaka 1866, akapewa cheo cha Sir. Mwaka 1892 akawa Lord Kelvin, kwa jina la mto upitao karibu na chuo chake. Hata yeye alikosea: mwishoni alikadiria umri wa dunia kuwa miaka milioni 20 hadi 40, na leo twajua ni karibu milioni 4,500. Alikufa tarehe 17 Desemba 1907, akazikwa Westminster Abbey, London, karibu na Newton.

Miaka 31 baadaye, mwaka 1938, jumba la baraza la mji wa Zurich, Uswisi, lilipashwa joto lililovutwa kutoka mto Limmat. Leo pampu za joto zimo katika nyumba nyingi za Ulaya, nazo hutii hesabu ile ile. Hewa ya nje ikiwa nyuzi 7, yaani 280 K, na maji yakitakiwa nyuzi 55, yaani 328 K, gawanya 328 kwa tofauti yake, 48: karibu 7. Kwa maji ya nyuzi 45 utapata zaidi ya 8. Huo ni upeo. Mashine halisi hufika nusu yake au pungufu. Basi anayechemsha maji kupita haja yake hulipia umeme unaopotea. Lakini yakiwa vuguvugu siku zote, vijidudu vya Legionella, viletavyo ugonjwa wa mapafu, huweza kuzaana tangini. Kwa hiyo wengi huyaweka karibu nyuzi 50, na kuyapandisha hadi 60 mara moja kwa juma.

Ndugu zangu, wengine wetu huuliza hesabu hizi zina faida gani. Thomson alipanda mwembe asioula matunda yake. Tusiidharau kazi ya daftari kwa sababu faida yake haijaonekana leo.