Nahodha Slocum na Mashua Yake

Wenzangu wajua kwamba nimezaliwa kando ya ziwa, na kila likizo huvua samaki pamoja na baba yangu mdogo. Kwa hiyo tulipoambiwa tuandike habari za mtu mashuhuri wa zamani, sikutafuta mfalme wala jemadari. Nimemchagua Joshua Slocum, mtu wa kwanza kuizunguka dunia peke yake katika chombo cha tanga.

Alizaliwa tarehe 20 Februari 1844 huko Nova Scotia, katika nchi ya Kanada. Baba yake alikuwa mtu mkali, fundi wa viatu, naye alimwachisha mtoto shule mapema ili amsaidie kazi. Siku moja alimkuta akichonga merikebu ndogo ya mti, akaikamata na kuivunja vipande vipande. Basi mama yake alipofariki mwaka 1860, kijana akatoka nyumbani akaenda baharini, na baada ya miaka si mingi akawa nahodha. Mwaka 1871 alimwoa Virginia Walker mjini Sydney. Bibi huyo alikaa naye merikebuni, akalea watoto humo humo, hata alipofariki mwaka 1884 wakiwa bandarini Buenos Aires. Miaka mitatu baadaye merikebu yake Aquidneck ilipanda fungu la mchanga huko Brazili ikavunjika, na mali yake ikaenda nayo.

Fikirini hali yake. Nahodha hodari, umri wake unakaribia miaka 50, wala hapati kazi, maana meli za moshi zimekwisha kunyang'anya kazi za matanga. Mwaka 1892 rafiki mmoja alimwahidi chombo. Alipofika kukitazama, kumbe ni mashua kuukuu ya kuvulia chaza, imeegemezwa magogo katikati ya shamba! Watu wa pale walidhani amekuja kuibomoa. Yeye alikata mti wa mwaloni akaanza kuiunda upya, ubao kwa ubao, kwa muda wa miezi 13. Vifaa vilimgharimu dola 553 na senti 62. Mashua hiyo, Spray, ilikuwa na urefu wa futi 37 kasoro kidogo, na ndiyo iliyokuwa nyumba yake.

Aling'oa nanga Boston tarehe 24 Aprili 1895. Sitasimulia jinsi alivyovuka Atlantiki mara mbili, wala jinsi alivyomwaga misumari midogo sitahani huko Magellan ili wezi wa usiku waikanyage (waliikanyaga, wakarukia majini). Napenda kueleza zaidi maisha yake katika bahari za joto.

Toka kisiwa cha Juan Fernandez mpaka Samoa alikaa siku 72 bila kutia nanga. Alifunga usukani kwa kamba, na mashua ikajiendesha yenyewe mchana na usiku, naye akasoma vitabu na kupika. Asubuhi aliokota panzi wa baharini walioruka usiku wakaanguka sitahani, akawakaanga. Saa yake ilikuwa ya bati, aliyoinunua kwa dola moja kwa sababu uso wake umevunjika. Baadaye ilipokataa kwenda aliichemsha majini, ikaenda. Lakini jambo lililonistaajabisha mimi ni hili: alipopima mwezi na jua ili ajue yuko wapi, hesabu ilimweka mahali pasipowezekana. Akarudia. Kisha akakagua vitabu vya hesabu vyenyewe akaona kosa limo kitabuni. Naye ndiye yule aliyeachishwa shule akiwa mtoto!

Mwaka 1897 alivuka Bahari ya Hindi. Toka kisiwa cha Thursday mpaka visiwa vya Keeling ni maili 2,700. Alisafiri siku 23, na katika siku hizo zote hakushika usukani zaidi ya saa tatu. Visiwa hivyo ni vidogo, vimejaa minazi, na wenyeji wake Wamalai ni mafundi wa mashua. Siku moja alitoka kwenda kutafuta makome makubwa, katika mashua mbovu ya kuazima, pamoja na Mwafrika mmoja. Dhoruba ikawapiga ikawasukuma nje. Kutafuta makasia, hamna hata moja. Nanga ipo, kamba haitoshi, maji ya kunywa hayamo. Na upepo ule wa kusini-mashariki ulikuwa ukielekea Afrika, maili 3,000. Kwa bahati mlikuwa na pondo. Wakapiga nalo kama kafi hata wakagusa chini.

Hapa sina budi kusema kwamba nahodha wangu hanipendezi. Katika kitabu chake Mwafrika yule hakupewa jina. Ameitwa mtu asiyefikiri, na njaa yake imefanywa mzaha. Mimi nauliza, nani alikuwa nahodha siku hiyo? Kwetu ziwani mwenye chombo ndiye anayehesabu makafi kabla ya kusukuma.

Huko Durban alikutana na Henry Stanley, yule tunayemsoma katika historia. Stanley alimwuliza itakuwaje mashua ikipiga mwamba, naye akajibu kwamba haina ruhusa ya kupiga mwamba. Rais Kruger wa Pretoria naye alikataa kabisa kwamba kuna mtu anayeweza kuizunguka dunia, maana kwake dunia ilikuwa bapa.

Slocum alitia nanga Newport tarehe 27 Juni 1898, baada ya maili 46,000. Kitabu chake kilitoka mwaka 1900 kikamletea fedha, akanunua shamba. Akashindwa kukaa. Bibi yake wa pili, Hettie, alikwisha kukataa maisha ya mashuani, basi mzee alikwenda peke yake visiwa vya Karibi kila majira ya baridi. Vitabu husema kwamba mwaka 1909 alitweka tanga tena kwenda kusini. Hakuonekana tena, yeye wala Spray, na mwaka 1924 mahakama ikamhesabu kuwa amekufa.

Nilimsimulia baba yangu mdogo habari hizi usiku mmoja tukingoja nyavu. Alisikiliza kimya mpaka mwisho, kisha akaniuliza kama yule Mwafrika wa Keeling alilipwa.